Matokeo ya urais yakipingwa Kenya: hesabu ya siku, na mahali kesi inapokwama

SWALI: Nanunua machungwa Muheza na kuyavusha Horohoro kwenda Mombasa. Kenya itapiga kura Agosti 2027. Kila uchaguzi naambiwa "kuna kesi, subiri kwanza", na wateja hawanilipi mpaka mambo yatulie. Naomba kujua: matokeo yakipingwa mahakamani, ni siku ngapi hasa mpaka rais aapishwe? Nani anatawala katikati hapo? Na kwa nini kesi nzito namna hiyo inaamuliwa kwa wiki mbili tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na tarehe, maana ndizo zitakazokusaidia kupanga mzigo. Sababu zitafuata.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa 2027 hiyo ni tarehe 10 Agosti. Mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, ambayo Wakenya huiita IEBC, ana siku 7 za kutangaza matokeo ya urais, kwa hiyo akichelewa kabisa atatangaza 17 Agosti. Anayetaka kupinga ana siku 7 baada ya tangazo: mwisho 24 Agosti. Mahakama ya Juu nayo ina siku 14 tangu kesi kufunguliwa: mwisho 7 Septemba. Ikiamua kwamba uchaguzi ulikuwa halali, rais mteule huapishwa Jumanne ya kwanza inayofuata siku ya 7 baada ya uamuzi. Mwaka huo siku ya 7 itakuwa 14 Septemba, nayo yenyewe ni Jumanne, kwa hiyo kiapo kinasogea hadi Jumanne inayofuata, 21 Septemba. Hizo ni wiki 6 kamili tangu siku ya kura, na ndiyo njia ndefu kabisa ya kesi moja iliyotupwa.

Kama hakuna atakayekwenda mahakamani, kiapo ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu tangazo, yaani 7 Septemba kwa hesabu ileile ya kuchelewa. Tazama hapo vizuri: kesi inaongeza wiki 2 tu. Mwaka 2022 ilikuwa vivyo hivyo. Matokeo yalitangazwa 15 Agosti. Bila kesi William Ruto angeapishwa 30 Agosti. Kesi zikafunguliwa, uamuzi ukatoka 5 Septemba, akaapishwa 13 Septemba. Mteja anayekwambia "kesi itachukua miezi" hajasoma Katiba, au anatafuta pa kujificha na deni lako.

IEBC mara nyingi haitumii siku zake zote 7. Mwaka 2013 ilitumia 5, mwaka 2017 ilitumia 3, mwaka 2022 ilitumia 6. Kila siku inayookolewa pale husogeza tarehe za mbele, ila kwa sababu ya sharti la Jumanne huwezi kutoa siku moja moja tu; unaweza kuokoa siku moja ukajikuta umeokoa wiki nzima, au hujaokoa kitu.

Namna ya kuhesabu siku imo katika Katiba yenyewe, ibara ya 259, na wengi hukosea hapa. Siku ya tukio haihesabiwi, siku ya mwisho inahesabiwa. Jumapili na sikukuu zinahesabiwa, isipokuwa muda wenyewe ukiwa siku 6 au chini ya hapo. Muda ukiishia Jumapili au sikukuu, unasogea hadi siku inayofuata isiyo Jumapili wala sikukuu. Ndiyo maana mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi Jumamosi, 30 Machi, katikati ya mapumziko ya Pasaka: kesi ilifunguliwa 16 Machi, na Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya 14. Kungoja Jumanne wasingeweza.

Kuna njia mbili nyingine unazopaswa kuziweka akilini. Ya kwanza ni duru ya pili. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Asipopatikana, wawili walioongoza hurudi kwa wapiga kura ndani ya siku 30 tangu uchaguzi wa kwanza. Kwa 2027 mwisho ni 9 Septemba, na ukiongeza tangazo, kesi na kiapo unafika 19 Oktoba. Haijawahi kutokea chini ya Katiba hii. Tatizo lake, kwa maoni yangu, ni kwamba ibara ya 140 inazungumzia kupinga kuchaguliwa kwa rais mteule tu. Duru ya kwanza isiyotoa rais mteule inapingwaje, na wakati huohuo siku 30 zinakimbia? Katiba haikulijibu swali hilo waziwazi, na siku litakapoulizwa litaulizwa kwa haraka mno.

Njia ya pili ni kufutwa kwa uchaguzi. Hapo uchaguzi mpya hufanyika ndani ya siku 60 tangu uamuzi. Ukianzia 7 Septemba 2027 unafika 6 Novemba. Tangazo hadi 13 Novemba. Kesi hadi 20 Novemba. Uamuzi hadi 4 Desemba. Kiapo 14 Desemba. Hiyo tarehe ya mwisho iandike mahali. Kwa mkondo huo ndiyo ukuta wa kalenda, labda uchaguzi wa pili nao ufutwe.

Sasa, nani anatawala? Rais aliyeko, mpaka mpya ale kiapo. Hakuna rais wa muda, wala spika hashiki nafasi, wala Jaji Mkuu. Ila kuanzia kura ya kwanza inapopigwa mpaka kiapo, ibara ya 134 inamfunga mikono kwa baadhi ya mambo: hawezi kuteua majaji wa mahakama za juu, hawezi kuteua wala kufukuza mawaziri, hawezi kuteua mabalozi, hawezi kusamehe wafungwa, hawezi kutunuku nishani. Mengine yote yanaendelea, pamoja na kodi, polisi, bandari na forodha. Sheria haifungi mpaka wa Lunga Lunga, upande wa Kenya wa Horohoro, kwa sababu ya kesi ya uchaguzi. Mwaka 2017 hali hiyo ilidumu siku 112, kuanzia 8 Agosti hadi 28 Novemba, na wakati wote huo Uhuru Kenyatta alikuwa rais mwenye mamlaka yote isipokuwa hayo yaliyofungwa, akiwa mgombea kwa wakati mmoja.

Kwa nini siku 14? Hapa lazima turudi nyuma, kwa sababu ufupi huo uliwekwa makusudi, na watu waliouweka walikuwa na jeraha bichi.

Kabla ya 2010 kesi ya urais ilikwenda Mahakama Kuu kama kesi nyingine, bila kikomo cha muda, huku rais akiwa ameshaapishwa. Baada ya uchaguzi wa 1992 Kenneth Matiba alimshtaki Daniel arap Moi. Kesi ilitupwa kwa sababu Matiba hakutia saini kwa mkono wake. Alikuwa amepata kiharusi akiwa kizuizini, mkono haukuweza kuandika, mkewe akasaini kwa niaba yake kwa hati ya uwakilishi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1997 Mwai Kibaki naye alimshtaki Moi. Kesi hiyo ilikufa kwa sababu Moi hakukabidhiwa hati za mashtaka mkononi. Fikiria kumfikia rais aliyezungukwa na walinzi ili umkabidhi karatasi. Mahakama ya Rufani ilifunga shauri hilo Desemba 1999, karibu miaka miwili tangu Moi ale kiapo. Hakuna jaji aliyefika hata kwenye swali la kura.

Kwa hiyo tarehe 30 Desemba 2007, Kibaki alipotangazwa mshindi na kuapishwa jioni ileile katika Ikulu, upande wa Raila Odinga ulikataa kwenda mahakamani. Kwa historia hiyo, haikushangaza. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika vurugu zilizofuata. Reli iling'olewa, malori ya mafuta yalikwama, na upungufu ukafika Uganda na Rwanda. Wewe mfanyabiashara huenda unaikumbuka miezi hiyo kwa bei.

Ukiisoma Katiba ya 2010 ukiwa na hayo kichwani, kila kifungu kinaeleweka. Kiapo kinasubiri kesi, kesi haisubiri kiapo. Shauri linaanzia na kuishia Mahakama ya Juu, yenye majaji 7, bila rufaa. Hati zinakabidhiwa ndani ya saa 24, na tangazo la gazeti linatosha. Sheria ya kukabidhiana madaraka inataka kiapo kifanyike kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mbele ya umma. Hiyo saa 8 mchana ni jibu la moja kwa moja kwa jioni ile ya 2007.

Siku 14 zenyewe hutumikaje? Chukua 2022. Kesi zilifunguliwa kufikia 22 Agosti, siku ya mwisho. Karibu kila mlalamishi hungoja siku ya mwisho, na si kwa uvivu: saa ya mahakama huanza kuhesabu siku unayofungua, kwa hiyo siku 7 za kabla ya hapo ndizo pekee unazoweza kukusanya ushahidi bila saa kukukimbiza. Ada ya kufungua ni shilingi 500,000 za Kenya na dhamana ya gharama ni shilingi milioni 1. Waliolalamikiwa wana siku 4 za kujibu tangu wakabidhiwe. Siku ya 8, ambayo ilikuwa 30 Agosti, majaji hukaa kikao cha maandalizi: wanaunganisha kesi zinazofanana (mwaka huo ziliunganishwa 7), wanapanga hoja za kuamuliwa (zilikuwa 9), wanaamua maombi ya kufungua masanduku au kuangalia seva, yaani kompyuta kuu za tume. Kisha siku 3 za kusikiliza mawakili, 31 Agosti hadi 2 Septemba. Wikiendi ya kuandika. Jumatatu 5 Septemba, uamuzi.

Hesabu mwenyewe: kati ya amri ya kufungua masanduku na mwisho wa kusikiliza kesi kuna siku 3. Mwaka 2022 masanduku ya vituo vichache, vikiwemo vya Jomvu na Mvita huko Mombasa kwa wateja wako, yalifunguliwa na kura kuhesabiwa upya chini ya msajili wa mahakama, na ripoti ikatakiwa ndani ya kama siku 2. Vituo vyote nchini vilikuwa 46,229. Hakuna mahakama duniani itakayohesabu upya vituo 46,229 kwa siku 2, kwa hiyo yeyote anayetegemea kuhesabiwa upya kwa nchi nzima amekwisha kushindwa kabla hajaanza.

Ndiyo maana nasema kesi ya urais Kenya hushindwa au hushinda usiku wa kuhesabu, kwenye mlango wa kituo, kwa karatasi moja inayoitwa Fomu 34A. Kila kituo, chenye wapiga kura wasiozidi 700, huhesabu palepale. Msimamizi wa kituo anajaza Fomu 34A, anasaini, mawakala wa wagombea wanasaini na kupewa nakala, nakala nyingine inabandikwa mlangoni, na picha yake inatumwa kwa kifaa cha kielektroniki. Fomu za eneo bunge moja zinajumlishwa kwenye Fomu 34B; maeneo bunge yote 290 pamoja na kura za ughaibuni zinajumlishwa kwenye Fomu 34C, kwa desturi pale Bomas of Kenya, Nairobi. Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hesabu ya mashinani ndiyo ya mwisho; Nairobi inajumlisha na kuhakiki tu, haina ruhusa ya kubadili namba.

Mgombea mwenye nakala halisi za 34A kutoka vituo vyote, zilizosainiwa, anaweza kuonyesha ndani ya siku 7 wapi namba ziligeuka. Asiyekuwa nazo anakwenda mahakamani na tetesi. Wakala kukataa kusaini hakuiharamishi fomu, jambo ambalo vyama vingi havijalielewa mpaka leo: wanawaambia mawakala wagome, kisha wanabaki mikono mitupu. Afadhali asaini, achukue nakala, na aandike malalamiko yake.

Nikuonyeshe jinsi mambo yanavyoharibika, kwa kesi tatu.

Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa kura 6,173,433, asilimia 50.07, zaidi kidogo ya kura 8,000 juu ya nusu. Upande wa Raila ulileta hati ya kiapo ya ziada yenye mamia ya kurasa baada ya muda wa majibu kuanza kukimbia. Mahakama iliikataa: ikipokelewa, upande wa pili nao utahitaji siku za kuijibu, na siku hizo hazipo. Wengi waliona ni ukatili. Kisheria uamuzi ule ulitokana na hesabu ya siku tu, na ndio uliowafundisha mawakili wote kwamba kila kitu kiwe ndani ya bahasha siku ya kufungua. Katika kesi hiyohiyo mahakama iliamua jambo linalokuhusu wewe unayefuatilia asilimia: kura zilizokataliwa hazihesabiwi katika kutafuta nusu. Majaji wa 2022 walishikilia hivyo hivyo, na ilikuwa muhimu, maana Ruto alikuwa na asilimia 50.49.

Mwaka 2017 tofauti ilikuwa kubwa: Kenyatta kura 8,203,290, Raila 6,762,224. Kwa mazoea, pengo la kura milioni 1.4 halipinduliwi mahakamani. Lakini tume ilikuwa imetangaza kabla ya kupokea Fomu 34A zote. Mahakama ilipoagiza wataalamu waruhusiwe kuziangalia seva bila kugusa kitu, tume haikutekeleza ipasavyo. Msajili alipokagua fomu asilia alikuta nyingine hazina alama za usalama, nyingine hazina namba, nyingine hazina saini. Tarehe 1 Septemba majaji 4 kwa 2, Jaji Mkuu David Maraga akiwa upande wa walio wengi, waliufuta uchaguzi. Jaji wa saba alikuwa mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani.

Hoja yao kubwa ilikuwa kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi. Kifungu hicho kinasema uchaguzi hautafutwa kwa kasoro ikiwa uliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba, au ikiwa kasoro haikuathiri matokeo. Walio wengi walisoma kwamba mlalamishi anaweza kushinda kwa mguu mmoja: akithibitisha kwamba misingi ilivunjwa kwa uzito, halazimiki kuonyesha kwamba namba zingebadilika. Tena, tume iliponyima seva, mahakama ilichukulia kwamba kilichofichwa kingeiumiza tume. Naona walikuwa sahihi. Uchaguzi usioweza kuhakikiwa hauna namba za kubishania.

Mwaka 2022 tume ilijifunza. Iliweka picha za Fomu 34A hadharani kwenye tovuti yake, kila mtu akajumlisha mwenyewe, magazeti na vyuo na vijana wenye kompyuta. Makamishna 4 kati ya 7 walijitenga na matokeo dakika za mwisho, na kwa siku chache ilionekana kama nyumba inaungua. Lakini walalamishi walipodai kwamba fomu zilibadilishwa mtandaoni, majaji walilinganisha fomu za tovuti na zile asilia za karatasi, zikafanana. Baadhi ya nakala za kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kama ushahidi zilionekana si za kweli. Uamuzi ulikuwa wa majaji wote 7 kwa sauti moja. Mgawanyiko wa makamishna, bila fomu hata moja yenye namba tofauti, haukutosha.

Kiwango cha uthibitisho nacho kinaangusha wengi. Mahakama inataka ushahidi ulio juu ya ule wa kesi ya kawaida ya madai, ingawa haufiki wa jinai. Na ukidai kosa la jinai, kama kughushi, unapanda hadi kile cha jinai. Ukiandika kwenye kesi neno "wizi" umejiongezea mzigo. Mawakili wazuri huandika "fomu ya kituo fulani inasoma 312, ya eneo bunge inasoma 512", wakaliacha neno.

Je, siku 14 zinatosha? Hazitoshi kwa ukaguzi wa seva, na mimi ningeunga mkono kuzifikisha 30 ikiwa kiapo kitaendelea kusubiri. Lakini usidhani muda mrefu peke yake ni dawa. Malawi haikuwa na kikomo kama hicho. Uchaguzi wa 21 Mei 2019 ulimpa Peter Mutharika ushindi, akaapishwa ndani ya wiki moja, kesi ikaanza kusikilizwa Agosti, na uamuzi wa kuufuta ukaja 3 Februari 2020. Majaji walipata muda wa kuchambua hata fomu zilizofutwa kwa wino mweupe wa kufutia makosa. Kazi yao ilikuwa safi kuliko yoyote niijuayo. Gharama yake ilikuwa maandamano ya miezi mingi na rais ambaye baadaye ilionekana hakuchaguliwa kihalali. Lazarus Chakwera alishinda marudio Juni 2020, mwaka mzima na zaidi baada ya kura ya kwanza. Ghana nayo ilitumia karibu miezi 8 kwa uchaguzi wa Desemba 2012, John Mahama akiwa ameshaapishwa, kisha ikafupisha: kesi ya uchaguzi wa 2020 iliisha 4 Machi 2021.

Kwako Tanzania hesabu hii haipo kabisa. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Na wa Tanga huna haja ya kukumbushwa Zanzibar: uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku 3 baadaye kwa tamko la mwenyekiti wa tume, bila jaji, na marudio yakaja 20 Machi 2016, CUF wakisusa. Karibu miezi 5. Ukiuliza kikomo cha muda kina faida gani, weka miezi hiyo 5 kando ya siku 60 za Kenya.

Siku 60 nazo ni ngumu. Mwaka 2017 tume ilipanga marudio 17 Oktoba, ikasogeza hadi 26 kwa sababu kampuni ya Ufaransa iliyounda vifaa vya utambuzi ilihitaji muda wa kuvipanga upya. Raila alijitoa 10 Oktoba. Kamishna Roselyn Akombe alijiuzulu siku 8 kabla ya kura, akiwa New York. Jioni ya 24 Oktoba dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Kesho yake, kesi ya kutaka kura iahirishwe ilipoitwa, walifika majaji 2 tu. Akidi, yaani idadi ya chini ya majaji wa kusikiliza kesi, ni 5. Kesi haikusikilizwa na kura ikapigwa. Kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hazikupiga. Waliojitokeza nchini hawakufika asilimia 40. Kesi mpya zilifunguliwa, zikatupwa 20 Novemba, na kiapo kikafanyika Jumanne ya 28.

Jambo moja zaidi kuhusu uamuzi. Siku ya 14 majaji husoma matokeo na sababu kwa kifupi. Hukumu kamili huja baadaye, hadi siku 21. Mwaka 2013 ilitoka 16 Aprili, wiki moja baada ya kiapo. Mwaka 2022 ilitoka 26 Septemba, rais akiwa ameshakaa ofisini siku 13. Mwaka 2017 ilitoka 20 Septemba, na siku 19 kati ya zile 60 zilikuwa zimeshaliwa wakati tume haijaambiwa kwa kina ilikosea wapi. Kama kuna siku za kuongeza, ningeanzia hapa: majaji wapewe muda wa kutoa sababu na uamuzi kwa pamoja.

Sasa machungwa. Ukiandikiana na mteja wa Mombasa, usikubali maneno "baada ya uchaguzi" wala "hali ikitulia". Andika tarehe: malipo ndani ya siku 3 baada ya rais kuapishwa, na kwa vyovyote si baada ya 24 Septemba 2027; ila uchaguzi ukifutwa na mahakama au ukienda duru ya pili, nusu ilipwe tarehe hiyohiyo na nusu isizidi 17 Desemba. Siku za kuangalia kwa makini ni 3: ya tangazo, ya uamuzi, na ya kiapo. Siku ya uamuzi utaijua wiki mbili kabla, kwa hiyo usiwe na lori lenye matunda mabivu barabarani siku hiyo.